Kifuu Ndani ya Kikapu

"Jana mchana ulikula nini?"

Goodluck aliinua kichwa. Tangu alipofungiwa mahabusu jana jioni, alikuwa ameulizwa swali moja tu na kila askari aliyepita: mkoba uko wapi? Hili la chakula lilimchanganya.

"Sijala, afande."

"Siku nzima?"

"Chai na chapati asubuhi, basi. Kule msibani, mtaa wa Gerezani, hakuna pa kuegesha. Huku gereji, huku gereji, mbele mabasi ya mwendokasi yanapita. Dokta Wilbert akaniambia nibaki na gari. Wenzangu wakashuka, wakala wali maharage. Harufu inanifikia mimi kwenye usukani. Hata mtu wa kunitolea sahani hakuna aliyenikumbuka."

"Ulikasirika?"

"Nilinuna. Wewe ungecheka?"

Inspekta Mektilda Haule aliandika hilo kwenye daftari lake. Alikuwa mama wa watoto watatu, na aliwaanza watuhumiwa kama alivyowaanza wanawe: kwanza tumbo, mengine baadaye. Uzoefu ulimwonyesha kwamba watu hudanganya kuhusu kila kitu isipokuwa njaa.

"Haya. Mkaenda Feri."

"Tukaenda Feri. Wageni wakashuka kuangalia samaki. Dokta Marisol akaacha kikapu chake kwenye kiti. Nikakaa nacho."

"Nani alikigusa?"

"Hakuna."

"Hakuna hata mtoto wa kuuza maji?"

"Hakuna, afande. Vioo nilikuwa nimepandisha, samaki wananuka."

"Unajua kwamba maneno hayo ndiyo yaliyokuweka ndani?"

"Najua. Lakini ndiyo kweli. Sasa niseme nini kingine?"

Mektilda alisimama, akagonga mlango afunguliwe.

Nje, Dokta Wilbert alikuwa anatembea huku na huku mbele ya kaunta, simu mkononi. Yeye ndiye mratibu wa wiki ya utamaduni: wasomi kutoka nchi za nje, waliokuja chuoni kwake kwa mwaka mmoja wa kubadilishana, walikuwa wametawanywa kwenye nyumba za wenyeji katikati ya jiji ili waishi kama watu wanavyoishi. Walikuwa wamekwenda sokoni Kariakoo, wamepika, wamehudhuria msiba. Kisha mkoba wa ngozi wa Dokta Marisol, mtafiti wa muziki kutoka Chile, ukapotea ukiwa na paspoti yake na kadi ya benki.

"Amesema?" Wilbert aliuliza.

"Amesema hajala."

"Inspekta, ubalozi umepiga simu tena. Mkuu wako wa kituo amenihakikishia kesho asubuhi kijana anapandishwa kizimbani."

"Amenihakikishia na mimi. Ndiyo maana nina haraka. Kadi ya benki imetumika?"

"Haijaguswa."

"Hata kujaribiwa?"

"Hata kujaribiwa. Lakini hiyo si hoja. Ameingiwa na woga."

"Dereva wa kukodi, ana njaa tangu asubuhi, ana kadi ya mgeni mfukoni, halafu hajaribu hata kununua soda." Mektilda alichukua begi lake. "Gari limepekuliwa, chumba chake Mbagala kimepekuliwa. Twende alikofikia mwenye mkoba, si alikolala dereva."

* * *

Nyumba aliyofikia Dokta Marisol ilikuwa Kisutu, ghorofa ya tatu, kwa familia ya Manubhai, mfanyabiashara wa mikanda na vipuri vya mashine. Mwenyewe alikuwa dukani. Mkewe, Harshida, aliwakaribisha kwa chai ya viungo na sahani ya ganthia, vitafunwa vya unga wa dengu. Binti yao, Zalak, alikaa ukingoni mwa kochi akizungushazungusha bangili.

Mgeni mwenyewe alitoka chumbani amejifunga kanga kiunoni, vizuri kabisa.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Jina?"

"Kabula." Akatabasamu kwa haya. "Samahani. Marisol. Lakini siku ya kufungua wiki kila mmoja wetu alipewa jina na kabila. Mimi ni Msukuma. Dokta Wilbert alisema tuyatumie kila mahali."

"Na umetumia?"

"Kila mahali."

Mektilda alimtazama kidogo, akanywa chai. "Haya, Kabula. Nipeleke msibani."

Marisol alieleza taratibu, kwa Kiswahili cha darasani kilichonyooka. Marehemu alikuwa Mzee Malongo, fundi wa malori pale Gerezani, mteja wa Manubhai wa miaka mingi. Alizikwa juzi. Jana walikwenda kutoa pole. Wanaume walikaa nje kwenye viti. Yeye na Zalak waliingia ndani, kwenye mikeka. Kikapu chake cha ukili alikiweka nyuma yake, ukutani, pamoja na viatu.

"Ukakaa na nani?"

"Mjane. Walimwambia, huyu ni Kabula, Msukuma mwenzenu. Akanishika mkono, akaanza kulia." Marisol alisita. "Mama yangu alifariki mwaka jana nikiwa mbali. Sikuwahi mazishi. Na mimi nikalia. Nililia sana."

"Pole. Zalak, wewe ulikuwa wapi?"

"Pale pale," alisema Zalak. "Sikubanduka."

"Ulipotoka, Kabula, kikapu kilikuwa chepesi au kizito?"

"Kizito kama kawaida. Ndiyo maana nina hakika mkoba ulikuwamo. Tulikwenda Feri, nikakiacha kwenye gari. Tuliporudi hapa nikakipandisha mwenyewe."

"Bado kizito?"

"Bado. Nilikiweka pale nje, kwenye ngazi, nikaenda kuoga."

"Kwa nini nje?"

Harshida alijibu. "Kwetu mtu akitoka msibani haingizi nguo wala mzigo ndani kabla ya kuoga, mama. Vyote vinabaki mlangoni. Kisha mimi ndiye ninayechukua nguo za kufua."

"Ukafungua kikapu."

"Nikafungua. Kilikuwa kitupu. Kanga tu na chupa ya maji."

Mektilda aliweka kikombe chini. Dokta Wilbert, ambaye alikuwa anaandika ujumbe kwenye simu, aliacha kuandika.

"Mama Zalak," alisema Mektilda, "mimi si mtu wa kuzunguka. Kikapu kimetoka Gerezani kizito. Kimetoka Feri kizito. Kimepanda ngazi zako kizito. Wewe umekifungua, kitupu. Kama ni hivyo, dereva hakuiba kitu. Ule uzito umepotelea mlangoni kwako, na mikono iliyokuwepo ni yako na ya binti yako. Nimfungulie Goodluck, nichukue nyie?"

Ganthia ilimponyoka Harshida ikaanguka kwenye sahani. Akamtazama binti yake, akasema neno moja la Kigujarati, kwa sauti ndogo.

Zalak alisimama. "Njoo juu, afande. Lakini mimi siligusi."

* * *

Juu ya paa nguo zilikuwa zimeanikwa, shuka kwa shuka, na makelele ya magari kutoka Posta yalifika yamepungua ukali. Kwenye kona, kando ya tangi la maji, kulikuwa na ndoo iliyofunikwa, na juu ya kifuniko tofali.

"Liko humo," alisema Zalak kutoka mbali. "Mama hakuthubutu kulitupa wala kulichoma. Baba hajui."

"Mbona hamkusema?"

"Wiki ijayo wanakuja watu kunivisha pete. Wakisikia nyumba yetu imetupiwa uchawi, nani atakuja?"

"Kwa hiyo mtoto wa watu akalale na mbu ili wewe uvishwe pete."

Zalak aliinamisha uso. Mektilda alimpita, akaenda kwenye kona. Aliondoa tofali, akafunua ndoo.

Ndani kulikuwa na furushi la kitambaa kizito cha buluu, limefungwa kwa kamba ya katani. Alivaa glavu, akalipiga picha, akalifungua. Kilitokeza kifuu cha nazi kimejazwa wali na maharage, vimekauka. Katikati ya wali ilizamishwa beringi kuukuu ya gari, nzito, na juu yake kipande cha mkaa kimesimamishwa kama mshumaa wa keki.

"Unaona!" Wilbert alichomoza kidole juu ya bega lake. "Beringi! Na hicho kitambaa kimejaa grisi. Nani mwenye vitu hivyo kama si dereva? Ameondoa mkoba, ameweka uzito ili mgeni asishtuke."

Ilikuwa hoja nzuri. Mektilda aliipa heshima ya kuifikiria huku amechuchumaa.

"Dereva angeweka jiwe, Dokta. Mawe yamejaa Feri. Asingekaa kupakua wali." Akanusa kifuu. "Na maharage angeyatoa wapi? Alikuwa kwenye gari, hamkumpelekea hata kijiko. Mimi nilidhani analalamika tu, kumbe ananipa ushahidi. Aliyejaza kifuu hiki alikuwa amekaa karibu na sufuria."

Akageuza kitambaa. Pande tatu zilikuwa na mshono wa nyuzi mbili, na ncha za nyuzi zilikuwa zimekatika karibuni. Juu kulikuwa na kifungo cha chuma.

"Hiki si kitambaa cha kufutia mikono. Ni mfuko wa kifuani wa ovaroli, umebanduliwa. Goodluck alivaa nini jana?"

"Fulana ya programu," Wilbert alikiri. "Na suruali ya kaki."

"Mwizi huchukua akaenda zake. Huyu amechukua, amepakua chakula, amefunga vizuri, na mkaa juu. Huyu alikuwa na raha." Mektilda alinyanyuka. "Zalak. Uliniambia hukubanduka msibani."

"Nilibanduka," alisema Zalak.

"Kwa nini?"

"Walikuja wanawake fulani. Msibani, afande! Wanapiga masufuria, wanamsema marehemu vibaya, eti mchoyo, eti alikufa ili asichangie harusi. Mmoja mama mtu mzima kavaa kofia ya kiume na ovaroli, anatembea akivuta mguu, na wafiwa wenyewe wanacheka. Nilidhani wana wazimu. Nikatoka nje na simu yangu."

"Mzee Malongo alikuwa akivuta mguu?"

"Ndiyo. Unamfahamu?"

Mektilda hakuwa anamfahamu. Lakini alianza kucheka, kwanza mabega, kisha tumbo, mpaka akashika tangi la maji.

"Dokta Wilbert. Kwenye hiyo ratiba yenu, somo la utani wa makabila liko siku gani?"

"Kesho," alisema Wilbert. "Kesho asubuhi. Kuna mtoa mada..." Alikitazama kifuu, akaitazama beringi, akavua miwani. "Mungu wangu."

"Mmempa mtu Usukuma Jumatatu. Jumatano mmempeleka kwenye msiba wa Msukuma, akakaa mkeka mmoja na mjane, akalia kuliko ndugu. Huyo ni mfiwa. Mzaramo gani, mtani wa Wasukuma, angemwacha?"

"Lakini mbona hawakusema?"

"Wanasema matanga yakianuliwa. Ndipo wanapotoa vitu walivyoshika, na wafiwa wanavikomboa. Nyie mlikula mkaondoka." Alikuwa tayari anateremka ngazi. "Matanga yanaanuliwa lini?"

Marisol, aliyekuwa amesimama mlangoni mwa paa akisikiliza yote, ndiye aliyejibu. "Leo alasiri. Mjane alinialika."

"Basi vaa viatu. Kisichokombolewa leo, mtani anaondoka nacho, na hapo hata mimi siwezi kumshika."

* * *

Bajaji mbili ziliwapenyeza Kariakoo mpaka Gerezani, na njiani Mektilda alisimamisha mara moja tu, kununua jogoo. Marisol alimpakata safari nzima bila kuuliza kitu.

Walikuta turubai linashushwa. Mikeka ilikuwa imekunjwa, masufuria makubwa yamepinduliwa, na kwenye kiti cha marehemu, katikati ya uwanja, alikaa mwanamke mnene wa makamo ndani ya ovaroli ya buluu. Kifuani upande wa kushoto palikuwa na mraba mweusi zaidi, ambapo jua halikuwa limefika kwa miaka. Mfuko haukuwepo.

"Wasukuma hawana haya!" alipaza sauti alipomwona Marisol. "Wanakula, wanalia, wanatoroka! Nikasema huyu Kabula aliyechujuka na jua la wapi sijui, amekimbilia Mwanza kuniachia mzigo!"

Uwanja mzima ukacheka. Marisol alimtazama Mektilda, Mektilda akamsukuma mgongoni. Akasogea, akapiga goti, akamkabidhi jogoo kwa mikono miwili.

"Nimekuja kukomboa, bibi."

"Bibi yako nani? Mimi ni Mzee Malongo, mchoyo mkubwa. Na huyu ni kuku au ni njiwa? Kwenu ng'ombe wote wale, unaniletea kinyoya?"

"Ng'ombe hakuenea kwenye bajaji," alisema Marisol.

Kicheko kilipanda mpaka kwa mafundi wa ng'ambo ya barabara. Yule mwanamke, Bi Mwantumu, alimpa jogoo mtu wa nyuma yake, akaingiza mkono ndani ya ovaroli na kutoa mkoba wa ngozi. Zipu ilikuwa imefungwa.

"Sijafungua. Mtani anashika, hapekui. Hesabu vyako."

Paspoti ilikuwemo. Kadi ilikuwemo, pamoja na picha ndogo ya mwanamke mwenye nywele nyeupe, ambayo Marisol alikuwa hajamtajia mtu. Aliifunika kwa kiganja.

"Asante, Bi Mwantumu," alisema Mektilda. "Mimi ni Inspekta Haule, polisi. Mngoni."

"Mngoni! Haya, na wewe nikushike nini, pingu?"

"Leo sina muda wa kushikwa. Kuna kijana yuko mahabusu kwa ajili ya mkoba huu. Kesho anasomewa shtaka la wizi."

Bi Mwantumu aliacha kutabasamu. Akavua kofia ya marehemu, akaiweka magotini.

"Kijana yupi?"

"Dereva wao."

"Yule aliyekaa garini, hakushuka?"

"Huyo."

"Kabila?"

"Mpare."

Waliokuwa wanakunja turubai walisimama.

"Huyo si mtani wangu," alisema Bi Mwantumu. "Huyu Kabula hata akinishtaki namcheka. Lakini yule nimemkosea." Akainuka kwa uzito, akageukia jikoni. "Bado kuna wali? Pakueni. Sahani ya maana, siyo hizo za plastiki."

* * *

Askari wa kaunta alisimama mwenyewe bila kuambiwa alipoona mama katika ovaroli ya fundi anaingia kituoni na sahani iliyofunikwa kwa kawa.

Mektilda hakutaka maneno mengi. Alitandaza kile kitambaa cha buluu mezani, mbele ya mkuu wa kituo, na kumwomba Bi Mwantumu asogee. Mfuko ulikaa kwenye mraba ule mweusi kifuani, tundu la sindano kwa tundu la sindano. Mkuu wa kituo aliinama, akatazama, akakohoa.

"Sasa hii tunaiandikaje?"

"Tunaandika kwamba mali imepatikana, na kwamba hakuna kosa," alisema Mektilda. "Kijana atoke."

"Na hicho kitambaa nakitaka," alisema Bi Mwantumu. "Ovaroli ni ya mjane, naishona leo. Marehemu hawezi kukaa bila mfuko."

Goodluck aliletwa ameshika suruali kiunoni, mkanda wake ukiwa bado kwenye droo ya kaunta. Aliwatazama wote kwa zamu: mgeni, mratibu, mama wa ovaroli. Mektilda alimweleza kwa sentensi chache, kavu, toka mwanzo hadi mwisho. Hakupunguza kitu, hata la pete ya Zalak.

"Nisamehe," alisema Marisol. "Mimi ndiye niliyewaambia kikapu kilibaki na wewe."

"Kilibaki na mimi, dada. Ulisema kweli."

Bi Mwantumu alifunua kawa. Wali, maharage ya nazi, na paja la kuku. Alimwekea sahani kwenye benchi, akamshikisha kijiko. "Kula, mwanangu. Utani wangu ulikupitia vibaya."

Goodluck alikaa, akala. Dokta Wilbert alicheka kidogo, akampiga begani.

"Basi kijana wangu, yameisha. Ulikuwa utani tu."

Kijiko kilisimama.

"Utani ni wa hawa, Dokta," alisema Goodluck. "Wewe si mtani wangu. Wewe ulikuja na polisi kijiweni kwetu, pale Mnazi Mmoja, mbele ya madereva wote wanaonipa kazi, ukaninyooshea kidole ukasema, mwizi ni huyu. Pale ndipo ninapokula. Kesho nikienda, nani atanipa gari?"

Wilbert alimtazama Mektilda kama mtu anayeomba msaada.

"Usinitazame mimi," alisema Mektilda. "Ulikwenda na mdomo wako. Rudi nao."

Goodluck alimaliza maharage, akafuta sahani kwa kidole, akavaa mkanda. Nje, gari la programu lilikuwa limeegeshwa chini ya jua tangu jana. Alitoa ufunguo kwenye bahasha aliyorudishiwa, akautazama, kisha akampa Wilbert.

"Endesha wewe."

Akazunguka, akafungua mlango wa abiria, akakaa mbele na kufunga mkanda. Marisol na Bi Mwantumu walipanda nyuma, sahani tupu katikati yao. Wilbert alihangaika kidogo kurudisha kiti nyuma, gari likamzimikia mara moja kabla hajaliondoa.

Mektilda alisimama mlangoni mwa kituo mpaka walipofika barabarani.

"Dokta!" alipaza sauti. "Ukifika pale, usiegeshe pembeni. Egesha mbele ya kijiwe, kila mtu akuone. Na ushuke!"